Mstari Ulioshindwa

Tarishi wa genge alishuka ngazi mguu niponye, begi la laptopu likimpiga mgongoni.

Sindano, mpelelezi wa Idara, alikuwa nyuma yake, bastola mkononi.

Mlango wa chini ulikuwa na kufuli. Tarishi akageuka, akauona mdomo wa Glock, akakaa chini mwenyewe kama mtu aliyekaribishwa mkekani. Alijitetea kwamba yeye ni mbeba mizigo tu, hajui kilichomo. Sindano akamwambia kwamba wote aliowahi kuwakimbiza walikuwa wabeba mizigo. Akamfunga pingu kwenye bomba la maji, akalifungua begi palepale ngazini.

Redio ya upepo ikakoroma.

"Sindano, upo?"

"Nipo, Mkubwa."

"Lori limeshaondoka. Lina baruti ndani ya makopo ya rangi. Kikosi changu kipo darajani na kombora. Likifika, nalipiga. Wewe nitafutie ghala wanakolipeleka."

"Na waliomo ndani?"

"Wamejipakia wenyewe."

Sindano akamfikiria mdogo wake. Kitindamimba wa mama yao, ambaye ukoo mzima ulimwita Kitinda, alikuwa hajalala nyumbani tangu wiki ianze. Sindano hakumwambia mtu ofisini. Kitinda alikuwa fundi wa kuchora ramani za michezo ya kompyuta, na siku za karibuni alianza kuvaa viatu ambavyo mshahara wake haukuvifahamu.

Laptopu ikawaka. Ndani yake mlikuwa na mchezo wa kuendesha malori.

Basi hiyo ndiyo iliyokuwa siri yao. Idara ilinusa simu za genge hadi pua ikachubuka, ikaambulia salamu na habari za mpira. Kumbe njia zilipitia mchezoni, kwenye modi, yale mafaili ambayo wachezaji huongeza ili kubadili barabara na majumba ya mchezo. Dereva hufungua mchezo kwenye tableti kando ya usukani, na kila kona lori la kwenye kioo linapokata, hulikata lori la kweli vilevile. Mafaili yalikaa kwenye folda moja ya wote. Kilichobadilishwa hapa ngazini kingebadilika kule kwa dereva.

Sindano aliucheza haraka. Barabara ilinyooka, ikavuka daraja, ikaishia kwenye ghala nyuma ya soko. Akamtajia Mkubwa ghala hilo. Kazi imekwisha.

Lakini vidole vilikataa kuifunga laptopu.

Zamani kidogo, wakiwa wamekaa sakafuni sebuleni, Kitinda alimtegea kitendawili: wawili wamekalia kiti kimoja, anayeonekana ni aliyekaa mwisho. Sindano alijaribu mke mwenza, akajaribu kofia juu ya kofia, hatimaye akampa mji. Kitinda akauchukua mji kwa madaha, akasema jibu ni modi. Mbili zikigombea sehemu moja, mchezo huonyesha ile iliyopakiwa mwisho. Ile nyingine haifutiki, imekaliwa tu. Ndipo akamwonyesha programu ya kutazama migongano hiyo.

Programu hiyo ilikuwemo humu. Akaifungua.

Safu mbili zikasimama ubavu kwa ubavu. Kushoto, modi ya ramani nzima. Kulia, modi ndogo iliyopakiwa juu yake. Palipo na amani pakabaki peupe. Palipo na ugomvi, mshindi akawa kijani na aliyeshindwa akawa mwekundu.

Mahali pamoja tu palikuwa na ugomvi. Njia panda, kabla ya daraja.

Mstari wa kijani ulisema: nyoosha, vuka daraja.

Mwekundu ulisema: kata kulia, kituo cha mafuta kilichofungwa. Chini yake palikuwa na bango la barabarani ambalo mchezaji asingeliona kamwe, limeandikwa:

"Dada, nimo ndani ya lori. Walete kulia."

Sindano akaishika redio.

Alimweleza Mkubwa yote, bila kupamba. Kisha Mkubwa akasema jambo ambalo ofisi ilikuwa imemficha: Kitinda alikuwa mchoraji wa genge tangu mwanzo, na hela yao ameila. Huko kituoni huenda Tajiri, bosi wao, amepanga bunduki zake zikimsubiri Sindano.

"Huyo ni ndugu yako, siyo shahidi wako," alisema Mkubwa.

"Niachie njia panda tu. Likinyoosha, lipige."

"Nitalipiga, na utasikia mlio."

Sindano akakitazama kioo. Kitinda alikuwa mwongo tangu utotoni, mwongo wa kuapa huku anatabasamu. Alishawahi kuvunja redio ya baba na kumsingizia paka, na paka akachapwa.

Na kama bango nalo ni paka?

Akaishika ile modi ya ramani nzima, yenye bango la Kitinda, kwa kidole, akaiburuta hadi mwisho wa orodha. Ipakiwe mwisho. Ikae juu.

Nyekundu ikawa kijani.

Kama dereva angefungua programu ileile, angeuona ugomvi wote. Lakini watu wa Tajiri walizoea kucheza tu, hawakuwa na desturi ya kufunua kilichokaliwa.

Pikipiki yake ya Yamaha ikaunguruma mpaka kituoni. Akajibanza nyuma ya pampu iliyokufa.

"Lori linaonekana," redio ikanong'ona. "Linapunguza mwendo."

Akachomoa bastola.

"Sindano... limekata kulia."

Likaingia likihema. Dereva akasimama, akaitazama tableti, akaigeuzageuza akitafuta ghala lisilokuwepo.

Mdomo wa bastola ukamgusa sikio kupitia dirishani.

"Zima gari, bwana dereva. Umefika."

Mlinzi aliyekaa kando yake akainua bunduki. Spana ikatoka nyuma ya viti, ikamshukia kisogoni, akalala.

Aliyeishika alikuwa Kitinda.

Hakuwa na kamba wala alama ya kamba. Miguuni, vile viatu.

Sindano alimuuliza kama alitekwa. Kitinda akayatazama makopo ya rangi.

"Mwanzoni nililipwa, dada. Waliniambia ni sigara za magendo. Nilipoiona baruti nikataka kuacha, ndipo wakanipakia."

"Ungenipigia simu kabla."

"Ningeanzia wapi?"

Redio ikatangaza kwamba Tajiri na wageni wake wa ng'ambo wamekamatwa ghalani, geti wazi, wakilisubiri lori. Mkubwa akasifu kazi. Kisha, polepole, akauliza habari za ndugu.

"Ni mtuhumiwa," Sindano alisema. "Yupo mzima."

Akachomoa mkanda wa plastiki.

"Lete mikono."

Kitinda akaileta bila ubishi.

"Mama utamwambia nini?"

"Kwamba uko hai. Yaliyobaki utamwambia wewe, ukimtazama usoni."

Akaukaza mkanda, akapima kwa kidole chake kama haumbani, akamkabidhi kwa askari waliowasili. Akavaa helmeti na kushusha kioo chake cheusi. Askari wakampisha. Akaondoa pikipiki taratibu, mgongo umenyooka, na hakuna hata mmoja aliyeuona uso wake.