Mstari Alioufuta Sindano

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Sindano alikuwa na kazi moja katika karakana ya shangazi yake: kuifunua kompyuta, kufuta vumbi kwenye kioo na kufungua ukurasa wa mafunzo ya ufumaji. Jina la Sindano alipewa na shangazi mwenyewe, kwa wembamba wake. Shangazi naye alikuwa akija na kikombe cha chai, akiusoma ukurasa huo wa Kijapani kama mtu anayesoma barua ya nyumbani, kisha akizitegesha mashine zake nne za kufuma masweta.

Asubuhi hiyo kikombe kilikwama hewani kabla ya kufika mdomoni.

“Sindano! Nini hiki?”

Sindano alisogea kutazama. Ukurasa mzima ulikuwa umejaa visanduku vyeusi vyenye alama za kuuliza, vimesambaa kama siafu. Herufi ya Kijapani haikuonekana hata moja.

Shangazi aliketi puu. Maandishi yale aliandikiwa na mwalimu wake, bibi mmoja aliyemfundisha ufumaji miaka miwili huko Japani. Bibi huyo alikwisha kufariki. Nakala nyingine haikuwepo.

Fundi wa kompyuta aliitwa kutoka ng'ambo ya barabara. Alifika mbio, mswaki mkononi.

“Dada, mnaniita kama nyumba inaungua!” alitania. Alipoinama kwenye kioo, kicheko kikamkauka. “Kuna mtu amegusa kitu?”

“Nani aguse? Mimi mwenyewe kuiwasha tu naogopa,” alijibu shangazi.

Fundi akamtazama Sindano. Sindano akatazama viatu vyake.

“Basi diski imeoza. Itabidi nifute kila kitu, mashine ianze upya. Haya maandishi, dada, hesabu yameliwa na mchwa.”

Shangazi alichukua sweta ambalo halijawekwa mikono, akajifunika uso. Mabega yakaanza kumtikisika. Sindano alipigwa na butwaa. Shangazi, aliyewahi kuungua na pasi akaendelea kuimba, leo analia!

Moyo ulimnong'oneza: nyamaza, lawama imeshaangukia diski, na diski haina mdomo. Lakini kidole cha fundi kilikuwa kinashuka kwenye kitufe cha kufuta.

“Usifute!” Sauti ilimtoka kwa nguvu hata yeye mwenyewe akashtuka. “Diski haijaoza. Ni mimi! Jana niliufuta mstari wa juu katika maagizo ya ukurasa, nikaweka ule tuliofundishwa shuleni. Niliitwa kula, sikuangalia ukoje.”

Fundi aliondoa kidole, akavuta kiti. “Njoo unionyeshe. Ulibadilisha kingine?”

“Hapana.”

“Una bahati kuliko akili, binti. Sikiliza. Kompyuta haiweki herufi, inaweka namba. Zipo orodha nyingi za kuzigeuza namba kuwa herufi, na mstari ule ndio unaokiambia kivinjari, programu inayofungua kurasa, kitumie orodha ipi. Bibi aliandika kwa orodha ya zamani ya Kijapani. Wewe ukakiambia kitumie nyingine. Kivinjari ni mtoto mtiifu mno: kimeambiwa, kimefanya.”

“Kwa hiyo maandishi…” shangazi alianza.

“Yapo yote. Mimi ndiye niliyekuwa nakwenda kuyaua.” Fundi alipangusa jasho. Aliuandika mstari wa zamani, akaufungua ukurasa upya. Herufi zote zikarudi, safu kwa safu, kana kwamba hazikuondoka.

Shangazi aliugusa ukurasa kwa ncha ya kidole. Kisha akamgeukia Sindano, macho bado mekundu.

“Kukosea si ajabu, mwanangu. Ila umeona? Kosa lako lilirekebishwa kwa mstari mmoja. Ungenyamaza dakika moja zaidi, lisingekuwa na dawa tena. Ukiharibu kitu, sema mapema, hata kama unatetemeka.”

“Nimekuelewa, shangazi. Nisamehe.”

“Nimekusamehe. Na wewe fundi, kanakili haya maandishi mara tatu leo hii, kabla hujapiga mswaki!” Fundi akacheka. Shangazi akakunja uso kidogo. “Lakini mstari ule ulikukosea nini?”

Sindano alisokota ncha ya sketi yake. Alikuwa na ombi ambalo kwa muda mrefu hakuthubutu kulitoa.

“Nilitaka kutengeneza ukurasa wa Kiswahili kutokana na huu, niuanzishe mwenyewe, halafu nikuombe uumalizie,” alisema. “Shangazi, mimi nataka unifundishe kufuma.”