Jibu Alilolibadilisha Hope

Kila Ijumaa baada ya vipindi, Hope wa Kidato cha Kwanza alibaki na wenzake kwenye chumba cha kompyuta cha shule yao, Lemara. Mwaka ule wa 2004 kulikuwa na kompyuta sita, na moja iliwaka pale tu ilipojisikia. Mwalimu Frederick alikuwa akiwafundisha kutengeneza programu ya kuwaambia wafugaji siku ambayo ng'ombe wao watazaa.

Mwenzake, Anande, aliandika sehemu ya kuhesabu siku. Hope aliandika majaribio. Alitafuta jibu sahihi kwa mkono, akaliingiza kwenye programu ya kupimia, nayo ikalilinganisha na jibu la Anande. Majibu yakifanana, mstari wa kijani. Yakitofautiana, mwekundu.

Hope alimchukua ng'ombe wa bibi yake wa Akheri, aliyepandwa tarehe 20 Mei mwaka uliopita. Alihesabu siku 283, muda ambao ng'ombe hubeba mimba, kwenye kalenda ya usharika wa kanisa lao, akafika 27 Februari. Akabonyeza. Mstari mwekundu. Programu ilisema 3 Machi.

"Bado tu?" Anande aliuliza, begi likiwa begani. "Mwalimu anakuja kukagua."

Hope aliona aibu kuwa wa mwisho. Akafuta 27 Februari kwenye jaribio, akaandika 3 Machi. Mstari ukawa kijani. Mwalimu alimpongeza mbele ya wote, akampa karatasi iliyochapwa ampelekee bibi.

Jumamosi Bibi Penina aliisoma karatasi ile mara mbili.

"Basi Jumatatu naenda Machame kumwona dada yangu, nirudi tarehe mosi," alisema. "Mwaka juzi ndama alikufa nikiwa sokoni Tengeru, hapakuwa na mtu wa kumvuta. Safari hii kompyuta imenisaidia."

Hope aliweka chini kikombe chake cha uji. Akisema, ataitwa mdanganyifu na pongezi zote zitayeyuka. Akinyamaza, ng'ombe atazaa peke yake bandani. Usiku hakulala vizuri, na asubuhi kanisani mambo yalizidi kuwa mabaya, kwa sababu bibi alimsifia kwa kila jirani.

Baada ya ibada Mzee Naftali akawasogelea. "Mjukuu wangu, na mimi nina mtamba mwenye mimba. Nitengenezee karatasi kama ya bibi yako."

Hope akaanza kulia palepale. "Shikamoo babu. Ile karatasi si sahihi. Niliona kosa, nikalificha."

Bibi alimfuta machozi. Kisha akasema, "Nitabaki nyumbani. Kesho umwambie mwalimu wako kama ulivyotuambia sisi."

Jumatatu Hope alimweleza mwalimu kila kitu, akarudisha 27 Februari kwenye jaribio. Mstari mwekundu ukatokea tena mbele ya darasa zima. Anande alikagua kazi yake, akagundua amehesabu kila mwezi kuwa na siku thelathini. Wakarekebisha pamoja mpaka kijani kikaja chenyewe.

Alhamisi, tarehe 26, ng'ombe alizaa. Ndama alitanguliza miguu ya nyuma, na Bibi Penina alikuwepo kumvuta. Alitoka hai.

Anande alicheka aliposikia. "Kwa hiyo hata sisi tulikosea siku moja."

"Ng'ombe anaruhusiwa kuwahi," Mwalimu Frederick alisema. "Anayepima haruhusiwi kudanganya. Mstari mwekundu ulikuwa unakusaidia, Hope, nawe ukaunyamazisha. Siku nyingine ukiuona, niite."