Joho la Paa la Kaskazini

Jioni ile nilitumwa kitu kidogo tu: kuchukua joho la Mfalme kwa wafuaji wa nguo.

Jina langu Gaettong, maana yake mavi ya mbwa. Mama alinipa ili pepo wanipite wakiziba pua. Nilikuwa mchekeshaji wa ikulu ya Gaegyeong, mji wetu mkuu, na Mfalme nilimbeba mgongoni alipokuwa mtoto, akinivuta masikio kama hatamu za farasi. Nilimpenda, ingawa nilijua kiti cha enzi alikipataje. Kilikuwa cha kaka yake. Kaka akapelekwa kisiwani, na mtumbwi ukarudi bila yeye. Mwili haukuonekana, wala hakuna aliyethubutu kupanda paani kumwita.

Maana kwetu mtu akikata roho, ndugu hupanda juu ya paa na nguo ya marehemu, akaelekea kaskazini, akaipunga na kuita jina lake mara tatu: rudi! Asiporudi, nguo hutupwa chini, akafunikwa nayo maiti. Imekwisha.

Yule kaka hakuitwa. Tangu hapo mvua ikatukimbia, askari wakala makapi ya uwele, na Mfalme hakucheka miaka mitatu. Nilijiangusha ngazini mpaka ngazi zikanionea huruma. Wapi!

"Halijakauka," alisema Bi Gannan, mkubwa wa wafuaji, rungu la kupigia nguo begani. Joho lilikuwa kambani, limeganda kwa baridi, mikono imetanuka.

"Shangazi, nikirudi mikono mitupu atanikata kichwa."

"Hasara iko wapi? Si hakina kitu!" Wenzake wakaangua kicheko. Kisha akashusha sauti. "Njoo mwezi ukichomoza. Na ua wa kaskazini usipite, mwanangu."

Nikapita ua wa kaskazini. Baridi ilikuwa kali, na ndiyo njia ya mkato.

Ulikuwa ua wa yule kaka, umefungwa tangu alipoondoka. Nyuma yangu marungu ya wafuaji yaliendelea kugonga. Tok-tok. Tok-tok.

Yakanyamaza.

Yote. Kwa pamoja.

Halafu harufu... mwani. Chumvi. Na bahari haifiki Gaegyeong.

Nikainua macho. Juu ya paa alisimama mtu, mgongo kwangu, uso kaskazini. Anapunga joho la Mfalme.

"Ryang..."

Hilo ni jina la Mfalme mwenyewe! Kinywa hakiruhusiwi kulitamka, wala kalamu kuliandika. Labda mkubwa wake tu...

"Ryang, mdogo wangu... rudi."

Maji yalitiririka vigaeni. Yalikuwa yanatoka kwake.

Mara mbili hizo. Nilitaka kupiga kelele. Mdomo ulionilisha miaka thelathini ukawa mkavu kama gome.

"Ryang!"

Joho likaruka hewani. Na sisi wachekeshaji hufundishwa jambo moja kwa fimbo: kikirushwa, daka.

Nikadaka.

Nilijaribu kulitupa, vidole vikakataa. Miguu ikanipeleka yenyewe hadi chumba cha Mfalme.

"Umechelewa, Gaettong. Nasikia baridi."

"Usilivae, Mtukufu," nilinong'ona, paji la uso sakafuni. "Ni la maiti. Kaka yako yuko paani. Amekuita kwa jina. Mara tatu."

Kope zake zikatetemeka.

Akacheka.

"Kwa jina! Mavi ya mbwa wewe! Miaka mitatu, leo ndiyo umetunga kitu!"

"Si mzaha, Mtukufu. Naapa kwa kaburi la mama."

"Eeh, endelea! Na huo uso wako jamani!"

Kadiri nilivyolia, ndivyo alivyojishika mbavu. Nikamshika mguu, akacheka zaidi. Akachukua joho mikononi mwangu, likaachia bila shida. Akalivaa. Akafunga mkanda.

"Limelowa," alisema, machozi ya kicheko yakimtoka.

Mlango ukasukumwa. Jemadari wa walinzi, na nyuma yake askari waliochoka makapi, panga tupu mikononi. Hakuna aliyepiga kelele. Walimchukua vile vile, akicheka.

Mimi nilibaki sakafuni.

"Joho gani?" Bi Gannan aliniuliza kesho yake. "La Mfalme halijatoka kambani. Hilo hapo."

Theluji ilipoyeyuka, habari ilikuja kwamba Mfalme amefia kisiwani. Kisiwa kile kile. Ndugu zake wakajifungia majumbani. Basi nikaomba lile joho la kambani, nikapanda paa la kibanda changu, nikaelekea kaskazini. Ryang, mwanangu, rudi. Mara tatu. Hakujibu mtu. Nikashuka na joho mkononi, na maiti ya kuifunika sina.

Siku hizi nachekesha sokoni. Najiangusha, watu wanacheka, nainama kuwashukuru, wananyamaza.

Mmoja haachi kucheka. Kicheko chake nilikibeba mgongoni.