Posa Chini ya Mikuyu

Lan Meizhu alikutana na Zhong Yihan katikati ya soko la Xiapu, kwenye mabeseni ya chaza, saa ambayo watu husukumana utadhani chakula kinakwisha duniani. Meizhu, kazi yake kutembeza wapiga picha wa kitalii, alikuwa akitafuta mtu wa kuongoza nyati wa kulimia chini ya mikuyu, wageni wake wapate kupiga picha. Akayaona mabega ya Yihan.

"Kaka, unaweza kutembea polepole?"

"Dada, mama ananigombeza kila siku kwa hilo hilo."

"Basi kazi umepata."

Mapenzi nayo yakapatikana humo humo, miaka miwili sasa, mengi yake kwenye simu ya upepo: yeye nyuma ya kamera, kijana kule kwenye moshi wa nyasi, unaochomwa ili miale ya jua ionekane, na koti lake la mkulima la majani makavu.

"Kushoto kidogo, mpenzi. Inua kofia."

"Njaa inaniuma, malkia wangu."

"Vumilia, jua linakuja."

Mama Yihan alishampikia wali mweusi wa sikukuu mara mbili. Mara zote Meizhu hakutokea, kwa sababu mwanga ulikuwa mzuri.

Siku moja mwanga ulikuwa mbaya. Mawingu yamekaa, moshi ni wa kukohoza tu, na wapiga picha kutoka Shanghai, majaketi yamejaa mifuko, wanamnung'unikia Meizhu kana kwamba yeye ndiye aliyelificha jua. Walikuwa wameagiza picha ya mkulima anayemposa msichana, na msichana wa kuigiza hajafika. Meizhu alitaka kulia kwa hasira.

Ndipo Yihan akaja na nyati wake, akasimama mbele yake, akamnyoshea bangili ya fedha.

"Meizhu, mama amekubali. Nataka nikuoe."

Jicho la Meizhu lilikuwa kwenye kamera. "Vizuri sana! Ila mkono umeziba uso. Rudi nyuma, urudie."

Wageni wakapiga makofi. Yihan alimtazama, akatia bangili mfukoni, akaitupa kofia kwenye matope na kuondoka na nyati wake.

Meizhu akampigia simu papo hapo. "We Yihan, una wazimu? Jua linatoka!"

"Nenda ukaolewe na jua."

"Kwani... hukuwa unaigiza?"

"Bangili ya bibi yangu, Meizhu! Mwenye macho haambiwi tazama, lakini wewe macho yako umeyakodisha. Kesho naenda Ningde, kiwanda cha betri kimenipa kazi. Huko hakuna wa kuniambia niinue kofia."

Simu ikakatika. Nuru aliyoisubiri tangu alfajiri ikashuka katikati ya matawi, na Meizhu akaivuka mbio, viatu vinazama, wageni wanapiga mayowe nyuma yake: "Toka kwenye picha!" Hakutoka. Alimkuta Yihan kwenye kona ya mashamba, nyati anakula mboga za watu.

"Nisamehe."

"Nimekuposa mbele ya watu, ukaniambia nirudie. Sirudii mimi."

"Usirudie. Naomba mimi. Nioe, Yihan."

"Hivi hivi tu? Una kiburi wewe!"

"Ninacho. Nioe nacho."

"Ningde naenda hata hivyo."

"Nenda. Kila Jumapili nitakuwa huko."

"Na mwanga ukiwa mzuri?"

"Wageni watautazama wenyewe."

Yihan alibaki amekunja uso. Kisha akatia mkono mfukoni.

"Lete mkono," akasema kwa hasira.