Hodi Kutoka Chini

Rafiki yangu mmoja, fundi cherehani, alifuatana na mumewe kiwanjani kumpa mwashi jibu: wajenge nyumba yenye chumba cha chini ya ardhi, au shimo lililokwisha kuchimbwa lifukiwe. Mume alikitaka chumba hicho kiwe karakana ya mkewe. Mke alikuwa bado anasitasita.

"Shuka ukaone mwenyewe, mama watoto," mumewe alimbembeleza. "Humo hata mama yangu hatakupata."

Akashuka kwa ngazi ya mbao. Shimo lilikuwa limefunikwa mabati kuzuia mvua, na ingawa juu jua liliwaka, humo giza lilikuwa totoro. Alipapasa ukuta wa udongo, akauhisi wa baridi na laini. Mazungumzo ya wanaume wale wawili yalimfikia kama yanatoka mtaa wa pili.

Ndipo akasikia mtu anasema taratibu, "Hodi."

Aliyelelewa vizuri hangoji hodi ya pili. "Karibu," akaitikia, akidhani mwashi anataka kushuka.

Hakuna aliyeshuka. Hapo akatambua kwamba sauti ile haikutoka juu. Ilitoka chini ya nyayo zake.

Alipanda mbio hadi nje. "Fukieni," akamwambia mwashi. "Fukieni sasa hivi."

"Mbona unahema hivyo?" mumewe akacheka. "Umekutana na panya?"

Wote watatu walikuwa wamesimama juu, na mle shimoni ngazi ilikuwa inalia, kipandio baada ya kipandio, polepole, kama inavyolia ikipandwa na mtu mzima.