Siku ya Kujipima

Kila alasiri Sindano akirudi kutoka shuleni alivua sare, akanawa mikono, akaingia chumba cha mbele ambako mama yake alishona nguo za watu. Hawakumwita Sindano kwa ubaya. Alikuwa mwembamba, mrefu, na kila palipobana yeye alipita. Kazi yake ilikuwa kupanga nyuzi rafuni, kuokota pini sakafuni kwa sumaku, na kujibu vitendawili, kwa kuwa mama yule hakuweza kushona huku kinywa kimelala.

"Kitendawili," mama alisema siku hiyo, mguu wake ukicheza juu ya kanyagio la cherehani.

"Tega."

"Nina watoto rafuni. Kila siku nawavua nguo kidogo kidogo, wakibaki uchi nawatupa."

"Mama nawe. Hizo si nyuzi?"

"Umekua siku hizi. Haya, mwambie kaka yako anipe uzi wa kijani nimalizie kola."

Kaka alikuwa ameegemea rafu, kitabu mkononi. Alikuwa amemaliza sekondari, na tangu akiwa mdogo majirani walimwita Jenerali kwa jinsi alivyokuwa akiwapanga watoto wenzake mistari. Alinyoosha mkono mahali uzi wa kijani ulipozoea kukaa. Lakini mchana ule Sindano alikuwa amepanga rafu upya, na mkono wa kaka ulitoka na uzi mwekundu.

Sindano alikohoa.

Kaka aliurudisha haraka, akagusa wa pembeni. Sindano akakohoa tena. Akagusa wa tatu. Sindano akanyamaza, na kaka akampa mama uzi wa kijani.

"Kikohozi hicho," mama alisema bila kuinua kichwa, "kesho nakupeleka zahanati."

Kikohozi hakikuwa ugonjwa. Kilikuwa siri. Siku moja kaka alitia kiraka chekundu kwenye sketi ya kijani ya Sindano, akaapa kwamba rangi ni ile ile. Sindano alicheka mpaka machozi. Kaka hakucheka. Alifunga mlango, akamwambia kwamba kwake yeye kijani na nyekundu zote zilikuwa kama udongo uliolowa.

"Hili ni letu wawili," alisema. "Nataka kwenda kusomea uofisa jeshini. Wakijua hili, mimi nimekwisha. Na ukisema, mdogo wangu, ni wewe utakayekuwa umenimaliza."

Maneno hayo yalimkaa Sindano tumboni kama jiwe. Usiku aliota kaka yake akirudishwa nyumbani, watu wote wakimnyooshea yeye kidole.

Mtaani kwao aliishi mzee mmoja mstaafu ambaye wote walimwita Sajini. Alitengeneza baiskeli kwa kujipatia riziki, na asubuhi za Jumamosi aliwaandaa bure vijana waliotaka kujiunga na jeshi. Aliwakimbiza, akawauliza maswali, akawanyoosha mabega. Na kabla ya wiki ya usaili wenyewe alikuwa na desturi yake. Kila kijana alisimama mbele ya wenzake, akasema kwa kinywa chake atafaulu wapi na ataangukia wapi. Ndipo Sajini alipomwambia nafasi yake, bila sukari.

"Wale watawapima kwa saa chache," alisema. "Wewe umeishi na nafsi yako miaka yote. Ukishindwa kujipima mwenyewe, askari wako utawapima vipi? Na atakayemcheka mwenzake, zamu yake inafuata."

Jumamosi ya desturi hiyo Sindano alikuwepo na baiskeli ya mama, madumu ya maji yamefungwa nyuma. Kaka ndiye aliyemwomba aje kila Jumamosi. Wengine walidhani ni kwa ajili ya maji.

Wa kwanza alikuwa binti wa muuza nyama, msichana mwenye mabega mapana waliyemwita Shoka.

"Mbio ninazo," alisema. "Hesabu zinanipiga chenga. Na nikiogopa, nacheka. Wakiniuliza swali gumu nitacheka mbele ya wakubwa."

"Nafasi yako nzuri," Sajini alisema, "kama kila siku utakaa na hesabu. Hiyo ya kucheka, wao wenyewe watakutoa kicheko."

Ilifika zamu ya kaka. Alisimama wima, mgongo kama mlango.

"Mbio, niko sawa. Masomo, niko sawa. Afya, niko sawa. Sina pa kuangukia."

"Kila mtu anapo, kijana," Sajini alisema.

"Mimi sina, Afande."

Sindano aliinama akajifanya anakaza kamba ya madumu. Alitaka kusema. Ulimi ulikuwa tayari, meno yakafunga mlango.

"Vizuri," alisema Sajini. "Basi leo kikosi cha kwanza unaongoza wewe. Mtapita barabara ya machimbo, mtanisubiri ng'ambo yake. Wenzako wamebeba viroba vya mchanga mabegani, macho yao yatakuwa kwenye visigino vya aliye mbele. Wewe huna mzigo. Mzigo wako ni kuwaonea njia. Mimi nakuja nyuma na hawa wazito."

Barabara ya machimbo ilipita chini ya mwamba uliokuwa ukivunjwa kwa baruti. Hapo palikuwa na mlinzi mwenye filimbi, na mlingoti wa bendera. Bendera ya kijani, pita. Bendera nyekundu, simama, wanalipua. Jumamosi nyingine zote kaka alikimbia katikati ya wenzake. Waliposimama alisimama, walipopita alipita. Leo hakukuwa na wa kumwiga.

Kaka alimpitia karibu. "Kaa nyuma yangu tu," alinong'ona. "Ikiwa nyekundu, kohoa."

"Kaka, mwambie Sajini. Naogopa."

"Wiki moja tu imebaki. Usinivunje miguu sasa."

Walianza kukimbia. Sindano alikanyaga baiskeli nyuma yao, vumbi likimwingia kooni. Walipofika kwenye kilima, mnyororo wa baiskeli ulichomoka. Alishuka, akaurudisha, ukachomoka tena. Kikosi kilizidi kwenda. Migongo ikawa midogo, ikapinda kona, ikapotea.

Alibwaga baiskeli na madumu yake, akakimbia kwa miguu.

Kwenye kona mashine ya kusaga kokoto ilikuwa ikinguruma, kelele zake zikijaza masikio. Kama mlinzi alipuliza filimbi yake, hakuna aliyeisikia. Mlinzi mwenyewe hakuonekana. Alikuwa amekwenda kujificha, kama walivyofanya wote kabla ya mlipuko. Sindano aliinua macho. Bendera ilikuwa nyekundu kama damu.

Kaka naye alikuwa ameitazama. Alisimama chini yake, akageuka nyuma kumtafuta mdogo wake, akasikiliza. Hakusikia kikohozi, akadhani ni kijani. Akainua mkono, akauelekeza mbele. Wenzake walimfuata, vichwa chini, viroba mabegani.

Sindano alikohoa. Koo lilitoa upepo mtupu. Akakohoa tena mpaka kifua kikamuuma, na mashine ikameza sauti yake kama si kitu. Sasa walikuwa wanaingia chini ya mwamba. Na hapo woga mmoja ulimshinda mwenzake. Aliogopa kaka kumchukia. Aliogopa zaidi kaka kufa.

"Simameni!" alipiga kelele akikimbia. "Ni nyekundu! Kaka haoni nyekundu! Shoka, mshike!"

Shoka ndiye aliyekuwa wa mwisho, na ndiye aliyesikia. Aligeuka, akaiona bendera. Alitupa kiroba, akawapita wenzake kwa mbio zake zile, akamkamata kaka ukosi wa shati na kumvuta kama mtu anayevuta fahali. Wengine walikwisha tupa mizigo na kukimbia kurudi. Walijitupa wote nyuma ya ukingo wa barabara, Sindano katikati yao, mikono juu ya vichwa.

Ardhi iliruka. Mlio ulifuata, kisha mvua ya kokoto, kisha jiwe moja kubwa kama cherehani likabingirika na kutua barabarani, pale kikosi kingekuwa.

Hakuna aliyeumia, ila mmoja aliyechubuka kiwiko. Shoka alianza kucheka. Alicheka akitetemeka mpaka kicheko kikageuka kilio, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Sajini alifika akihema. Alihesabu vichwa kwanza. Kisha akatazama bendera, akamtazama kaka.

Kaka alikaa chini, uso mweupe kwa vumbi. "Afande, nilidanganya," alisema. "Kijani na nyekundu sizitofautishi. Tangu utotoni. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa macho yangu."

Sindano alingoja kutukanwa. Sajini hakumtukana mtu.

"Nami nina langu," alisema. "Sikupaswa kuwapeleka hapa bila kutangulia mwenyewe. Hatupiti tena njia hii." Alichuchumaa mbele ya kaka. "Sasa umejipima, nami nakujibu. Nafasi yako ya kuongoza askari porini naiona ndogo mno. Ramani ni rangi, taa ni rangi, ishara ni rangi. Ila jeshi linakula, linavaa, linasafirishwa, na wanaoyasimamia hayo nao ni maofisa. Huko sijui. Sikuahidi. Nenda kapimwe macho, na siku ya usaili waambie wewe kabla hawajakugundua."

Nyumbani waliyasema yote. Mama aliacha kushona.

"Namshonea kila mtu kwa kipimo chake," alisema, "na macho ya mwanangu sikuwahi kuyapima."

Wiki ya usaili ilipofika, Sindano hakula vizuri. Kila aliposikia hatua mlangoni alichungulia. Kaka hakuwa amemsemesha sana tangu siku ile, na yeye alijua sababu, au alidhani anajua.

Jioni moja kaka aliingia, begi begani. Alimsalimia mama, akaketi.

"Niliwaambia kabla ya kupimwa," alisema. "Daktari akahakikisha. Porini wamekataa, moja kwa moja. Lakini masomo na mbio nimefaulu. Wameniita mahojiano mengine, upande wa ugavi wa chakula na vifaa. Nimempitia Sajini, anasema nusu kwa nusu."

"Na Shoka?" mama aliuliza.

"Amechukuliwa. Alicheka, nao wakacheka."

Sindano alikusanya ujasiri wake wote. "Kaka, bado umenikasirikia?"

Kaka alifikiri, kama mtu asiyetaka kudanganya tena. "Nilikukasirikia, ndiyo. Mpaka lile jiwe lilipotua. Baada ya hapo nilikuwa nakuonea haya. Nilikutwisha mzigo usio wako."

Mama alimvuta Sindano karibu, akamfuta pua kwa kitambaa cha mabaki, ingawa hakuwa na mafua.

"Nisikilize, mwanangu. Mtu akikuambia siri ya kumfurahisha mwingine, itunze hata mwaka. Lakini ukiona siri inakunyima usingizi na kukuuma tumbo, au mtu anaweza kuumia kwayo, hiyo si ya kubebwa na mtoto. Ipeleke kwa mtu mzima siku hiyo hiyo, hata kama aliyekupa atanuna. Kununa kunapita." Alimgeukia kaka. "Na wewe, udhaifu ukiutaja, watu wanajua pa kukushika mkono. Ukiuficha, wanakufuata shimoni."

Kisha akarudi kwenye cherehani yake. Usiku ule Sindano alilala mara tu kichwa kilipogusa mto.