Mtandao wa Hoteli Iliyofungwa

Jioni ile nilikuwa napeleka injera, ile mikate yetu laini, hotelini kwa Wosene, mkabala na stendi ya mabasi ya Debre Birhan. Ndiyo kazi yangu tangu mume wangu afariki. Nikishatua kapu hukaa kwenye ngazi za mlangoni, simu inashika waifai ya hoteli, na mwanangu Meaza ananipigia kutoka Beirut, anakofanya kazi za ndani. Tunaongea mpaka bosi wake amwite. Halafu narudi kwangu, napika kahawa, nainywa peke yangu.

Siku hiyo nikakuta hoteli imefungwa. Mkata tiketi wa stendi akaniambia Wosene amefiwa na kaka yake, wameondoka wote asubuhi kwenda kuzika. Naye alikuwa anafunga kibanda chake. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Ukungu ulishuka mapema, ule wa kwetu, unaoingia mpaka kwenye mifupa.

Nikageuka nirudi.

Simu ikalia. Ting.

Nikaitoa. Imeshika mtandao. Jina lilelile la hoteli, na alama zimejaa mpaka juu kuliko siku nyingine yoyote.

Sikujiuliza hoteli isiyo na umeme inatoa wapi mtandao. Mtu mwenye hamu na sauti ya mwanawe hajiulizi mengi. Ukafunguka ukurasa ambao sikuwahi kuuona. Karibu, ukasema, andika namba yako ya simu. Nikaandika. Mara ukaingia ujumbe wenye tarakimu. Ukurasa ukanitaka nizinakili pale. Nikazinakili.

Harufu ikanijia. Kahawa... kahawa inayokaangwa, tena imeanza kuungua. Nikaangalia huku na huku. Hakuna moto. Hakuna moshi.

Kwenye ngazi, mahali pangu, ameketi mtu.

Mwanamke. Amejifunika shali nyeupe kama yangu, amenipa mgongo. Sikumwona alipofika. Mwanga wa simu ulimmulika mikono tu.

"Umepata?" akaninong'oneza bila kugeuka.

Nikadhani anaulizia mtandao. "Nimepata."

Akaivuta shali yake mabegani.

"Hata mimi nimepata."

Akainuka, akaingia kwenye ukungu. Pale chini pana changarawe. Haikulia...

Nilipotazama simu, mtandao haupo. Na Meaza hakupiga.

Wala kesho yake. Ile programu tunayopigiana ilikuwa inanitaka nijisajili upya, mambo nisiyoyajua. Nikanunua vocha, nikapiga simu ya kawaida. Ikaita, haikupokelewa. Nikasema labda bosi wake kamnyang'anya simu, hutokea. Nikawa nakaa jikoni na simu mapajani kama anayelea mtoto mgonjwa. Majirani zangu ni wema, lakini utagongaje mlango wa mtu umwambie, njoo ukae nami, mwanangu hajapiga?

Mwishowe nikaenda kwa Dagmawi, fundi simu wa sokoni. Alinisikiliza huku anafungua simu ya mtu. Akaniuliza kama zile tarakimu niliziandika kwenye ule ukurasa. Nikamwambia niliziandika. Akaweka bisibisi chini.

"Emama Zenebech, zile tarakimu ndizo ufunguo wa mlango wako. Umempa mtu ufunguo."

Nikamwambia ulikuwa mtandao wa hoteli, simu yenyewe iliutambua. Akatikisa kichwa. Simu ikishazoeana na mtandao, akasema, inaweza kutembea njia nzima ikiuita: upo? upo? Haijui sura wala sauti. Inajua jina tu. Mtu yeyote anaweza kukaa gizani na kifaa chake, akajipa jina hilo, akaitika: nipo.

Kwetu mtoto hufundishwa mapema asimfuate anayemwita wakati wa magharibi bila kuonekana, maana wale wanaogeuka fisi huita kwa sauti ya mama yako. Simu hakuna aliyeifundisha.

Dagmawi akaufuta mtandao ule, akaizuia simu isijiunge yenyewe, akanirudishia akaunti yangu. Nikampigia Meaza palepale kibandani. Nje jua lilikuwa linazama.

Akapokea mara moja, anahema.

"Emaye, mbona umekata? Nimeshatoka. Nipo chini, barabarani."

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Si umeniambia nishuke? Si umekuja kunichukua? Ukaniambia na simu nyingine nisipokee."

"Meaza, mimi nipo Debre Birhan. Nipo kwa Dagmawi."

Nikasikia magari ya huko yanapita.

"Emaye..." Sauti yake ikashuka. "Lakini nakuona. Umesimama ng'ambo. Umevaa shali yako nyeupe."

Dagmawi alisikia. Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

Nikaanza kumtajia mambo tunayoyajua wawili tu. Akaniambia huyo mwingine ameshamtajia yote: jina la utani la marehemu baba yake, kovu la gotini, na hata hukohoa kama mimi kabla ya kusema. Alikuwa analia sasa.

"Wewe ni nani?"

Nimemzaa mimi. Na sikuwa na kitu cha kumwonyesha kwamba mimi ni mimi.

"Usiniamini," nikamwambia. "Na yeye usimwamini. Mimi sikuiti popote. Rudi ndani, ufunge mlango. Kama mwongo ni mimi, utakuwa umepoteza nini?"

"Ananipungia mkono..."

"Rudi ndani, mwanangu."

Hatua. Mbio. Pumzi. Kisha mlango wa chuma ukajibamiza, komeo likaingia.

Halafu, kwa mbali, nyuma ya mlango ule, kitu kikakohoa.

Kikohozi changu.

Dagmawi anasema ni wezi wa watu. Huko wapo wanaowatorosha wasichana wa kazi, na labda walizipata sauti zote nilizowahi kumtumia Meaza, wakazikatakata na kuziunga. Inawezekana. Nikamuuliza yule wa kwenye ngazi alifikaje Beirut. Akasema hao si mmoja. Nikamuuliza kile kikohozi. Akasema magari yalikuwa mengi, pengine sikusikia vizuri. Aliyasema hayo anafuta meza iliyokwisha kuwa safi.

Wosene aliporudi akaniapia kwamba waifai yake waliichomoa kabla ya kuondoka.

Siku hizi nikitoka nyumbani waifai ya simu naizima. Natumia kifurushi changu, hata kikiwa kidogo. Mtandao wa bure siugusi bila kumuuliza mwenyewe ana kwa ana, na tarakimu zikinijia simwambii hata padri.

Meaza yuko salama. Hupiga bado, siku mojamoja. Nikipokea, hasemi kwanza. Ananisikiliza ninavyopumua. Nami nabana kikohozi mpaka kifua kinauma. Kisha tunaongea habari za mvua, za mfungo, za majirani. Mkataba wake umekwisha, anaweza kurudi wakati wowote, na kila akipiga neno la kumwita linanijia mdomoni, nalimeza.

Juzi likanitoka.

"Njoo, mwanangu."

Akakata simu.